Msitu wa Nzwani na Amana ya Maji

Katika neema ambazo mwanadamu huzisahau upesi, maji ni ya mbele kabisa. Huyakumbuka siku bomba linapokauka, birika za msikiti zikawa tupu na watu wakapanga foleni wakitafuta maji ya udhu. Siku hiyo kila mmoja huuliza ni nani aliyefunga maji. Ni wachache wanaoinua macho kuutazama mlima yanakotoka maji hayo na kuuliza umefanyiwa nini. Mwezi huu tumeona vema kuwaletea wasomaji wetu habari za kisiwa kimoja ambacho mlima wake umefanyiwa mengi, na ambacho watu wake sasa wanajitahidi kuurudisha msitu uliowanywesha babu zao. Tunazungumzia kisiwa cha Nzwani, ambacho katika ramani nyingi huandikwa Anjouan.

Nzwani ni kimojawapo cha Visiwa vya Ngazija, yaani Komoro. Wakazi wake ni Waislamu na lugha yao ni ndugu ya Kiswahili. Visiwa hivyo si vigeni kwetu. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa kadhi Unguja, alizaliwa Ngazija. Na Habib Saleh, aliyeasisi Msikiti wa Riyadha wa Lamu, alitoka huko huko. Kwa hiyo yanayowapata watu wa Nzwani ni habari za nyumbani kwetu.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Eneo lake ni kilomita za mraba 424 tu, na sensa ya mwaka 2017 ilihesabu humo watu zaidi ya 320,000. Katikati umesimama Mlima Ntringui wenye urefu wa mita 1,595, na kutoka humo mabonde hushuka kwa kasi pande zote hadi baharini. Zamani mabonde hayo yote yalikuwa na mito. Katika karne ya 17 na ya 18 merikebu za Kiingereza zilizokwenda Bara Hindi zilikuwa na desturi ya kutia nanga Nzwani ili mabaharia wapate matunda, nyama na hasa maji matamu. Kisiwa kilijulikana katika bahari nzima kuwa ni mahali ambapo msafiri mwenye kiu hakukosa kitu.

Leo hali imegeuka. Hesabu zinazotajwa na wanaoshughulika na maji ya Komoro ni kwamba katikati ya karne iliyopita Nzwani ilikuwa na mito zaidi ya 40 iliyotiririka mwaka mzima, na kwamba iliyobaki na sifa hiyo haifiki 10. Mingine imekuwa mito ya msimu. Mvua ikinyesha hufurika kwa ghafla, ikabeba udongo na mawe, kisha ikaacha mchanga mkavu. Kisiwa kilichowanywesha wapita njia kutoka Ulaya sasa kinawatuma watoto wake kutafuta maji kwa ndoo.

Ni lazima tufahamu jinsi jambo hili lilivyotokea, maana wako wanaosema kuwa mvua imekatika kwa madhambi ya watu na kwamba hapana la kufanya ila kungoja. Sisi hatukatai kwamba mja yampasa kutubu. Lakini Mwenyezi Mungu ameviumba vitu kwa mpango na ameweka sababu, na mwenye kuvunja sababu kwa mkono wake hana haki ya kushangaa akikosa matokeo.

Msitu wa mlimani hufanya kazi tatu. Kwanza, mlima mrefu ulio katikati ya bahari huzuia mawingu, na miti mirefu yenye kuvu na mimea midogo juu ya matawi yake hunasa ukungu, ukawa matone na kudondoka chini hata siku ambazo hazina mvua. Pili, majani na matawi hupunguza nguvu ya mvua ya kashkazi, na majani yaliyooza chini hufyonza maji kama sifongo. Tatu, mizizi huufungua udongo, maji yakapenya ndani, yakahifadhiwa huko na kutoka polepole kwa njia ya chemchemi katika miezi ya kiangazi cha kusi. Ukiukata msitu huo, mvua inaweza kunyesha kiasi kile kile, lakini maji hayakai. Huteremka kwa saa chache, huchukua udongo wenye rutuba, huutupa juu ya matumbawe na kuharibu mazalio ya samaki. Hivyo mkulima hupata hasara juu, na mvuvi hupata hasara chini, kwa jambo moja.

Ama kuhusu aliyeukata msitu huo, ni rahisi kumnyoshea kidole mkulima maskini mwenye panga. Tukifanya hivyo tutakuwa tumedhulumu. Katika karne ya 19 wageni walianzisha Nzwani mashamba makubwa ya miwa, na baadaye, chini ya utawala wa Wafaransa, kampuni za kikoloni zilishika sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya mabondeni na pwani kwa ajili ya mimea ya manukato. Wenyeji walisukumwa wapande juu kwenye miteremko. Huko walifyeka msitu wapate pa kulima mihogo, ndizi na mpunga wa mlimani. Watoto wakazaliwa, mashamba yakagawanywa, na kila kizazi kikapanda juu zaidi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975 idadi ya watu ilikuwa inaongezeka, ardhi haikuongezeka, na serikali changa iliyoandamwa na mapinduzi haikuwa na nguvu ya kulinda msitu.

Juu ya hayo ipo biashara ya mafuta ya mlangilangi. Komoro ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa mafuta hayo, nayo huingia katika manukato yauzwayo kwa bei kubwa katika miji ya Ulaya. Ili kuyapata, maua hukenekwa katika vyungu vikubwa vya shaba au chuma juu ya moto unaowaka kwa saa nyingi mfululizo, na lita moja ya mafuta huweza kula mamia ya kilo za kuni. Mwenye kujipaka manukato hayo Paris hajui kwamba ndani ya kichupa chake umo mti wa Nzwani. Taarifa ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 ilionyesha kuwa misitu ya Komoro yote ilishuka kutoka hekta 12,000 mwaka 1990 hadi hekta 3,000 mwaka 2010. Yaani katika miaka 20 zilipotea robo tatu.

Pamoja na msitu wamo viumbe ambao hawana makao mengine. Wa kwanza ni popo mkubwa mweusi, ambaye wataalamu wamempa jina la Livingstone. Mabawa yake yakikunjuliwa hufika karibu mita moja na nusu. Tofauti na popo wengi, yeye huonekana akielea hewani hata mchana. Duniani kote anapatikana Nzwani na Mwali tu, na idadi yao inakadiriwa kuwa kati ya 1,200 na 1,300. Mwaka 2016 aliingizwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Wa pili ni bundi mdogo wa Nzwani, ambaye wataalamu walidhani ametoweka kwa zaidi ya karne moja mpaka alipothibitishwa tena mwaka 1992. Wa tatu ni komba, mnyama ambaye huaminiwa kuwa aliletwa na watu kutoka Madagaska zamani, na ambaye huko Madagaska kwenyewe naye anaendelea kupungua.

Hapa tunajua wako wasomaji watakaouliza: watu hawana maji, nanyi mnatuletea habari za popo na bundi? Swali hili ni la haki na linastahili jibu.

Jibu la kwanza ni kwamba popo huyo ni mkulima wa msitu. Hula matunda ya mikuyu na miti mingine ya mwituni, akaruka mbali, akaangusha mbegu mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Hunyonya utamu wa maua na kubeba chavua kutoka mti hadi mti. Msitu uliopandwa na watu bila ya viumbe hawa ni kama nyumba iliyojengwa ikakosa wa kuikarabati. Tena miti anayolala popo huyo ipo kwenye miteremko mikali ya mabonde, mahali pale pale panapolinda mito. Anayehifadhi mabweni ya popo amehifadhi vyanzo vya maji bila kutaka.

Jibu la pili ni kwamba viumbe hawa ni ishara. Wanapotoweka wao huwa wanatuarifu kwamba mlima unakufa, kabla bomba halijakauka mjini. Na jibu la tatu, lililo kubwa kwa Mwislamu, ni kwamba hao nao ni umma miongoni mwa umma alizoziumba Mwenyezi Mungu. Hatukupewa ruhusa ya kufuta kazi ya Muumba katika uso wa ardhi kwa sababu tu hatukuona faida yake. Imani za kale zinazomhusisha bundi na uchawi, na popo na shari, hazina mashiko katika dini, na haifai zitumike kuwa kisingizio cha kuwaua.

Sasa tuje katika kazi ya kurudisha msitu. Wengi hudhani kwamba ni kazi nyepesi: hualikwa waziri, huchimbwa mashimo, hupandwa miche elfu moja, hupigwa picha, na watu hurudi nyumbani. Baada ya miezi sita mbuzi wamekula nusu na jua limeunguza nusu. Kupanda si kurudisha. Wanaofanya kazi hii kwa ukweli hukusanya mbegu za miti ya asili, ambazo baadhi huchelewa sana kuota, hulea miche katika vitalu karibu na mlima, hupanda mwanzo wa mvua, kisha hurudi mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu kupalilia na kujaza mapengo. Hupambana pia na mimea ya kigeni iliyovamia, kama vile mipera, inayoota upesi na kuizuia miti ya asili isipate nafasi. Wala si kila mti unafaa. Mti wa kigeni unaokua haraka unaweza kutoa kuni na nguzo, na huo una mahali pake karibu na mashamba. Lakini kando ya chemchemi kunahitajiwa miti iliyozoeleka na mlima huo.

Huko Nzwani kazi hii inafanywa na jumuiya ya wenyeji iitwayo Dahari, iliyoundwa mwaka 2013 kutokana na mradi uliotangulia tangu mwaka 2008. Njia yao ina mafunzo. Hawakuanza kwa kumwambia mkulima atoke mlimani. Walianza kwa kumsaidia apate mavuno zaidi katika shamba alilonalo: mbegu bora, mboga za kuuza, matuta na ua wa miti ya kuzuia mmomonyoko, na miti ya matunda katikati ya mazao. Kisha wakafanya mapatano na wenye mashamba yaliyo karibu na chemchemi na yale yenye mabweni ya popo, ili wasikate miti, wapande mingine, nao wapate fidia na msaada. Kwa upande wa mlangilangi, vimeenezwa vyungu na majiko bora yanayopunguza sana kuni.

Kisiwa jirani cha Mwali kimetangulia katika jambo jingine. Mwaka 2001 kilianzisha hifadhi ya bahari kwa makubaliano na vijiji, hifadhi hiyo ikapanuliwa baadaye hadi nchi kavu na misitu yake, na mwaka 2020 UNESCO ikakitambua kisiwa hicho kuwa hifadhi ya viumbe hai na mazingira ya binadamu. Mlima Ntringui nao umo katika mpango wa hifadhi za taifa za Komoro. Lakini tusijidanganye: mstari katika ramani haujawahi kuzuia panga. Kinachozuia panga ni mkulima kuona kwamba mti uliosimama unamfaa yeye na wanawe.

Na hapa ndipo tunapotaka kusimama, maana pana suala la uadilifu. Mkulima wa juu akiacha kulima kando ya chemchemi, anayefaidi ni mkazi wa Mutsamudu na Domoni aliye chini. Mkulima amepoteza muhogo wake, na mwenzake amepata maji. Je, ni haki gharama yote imwangukie aliye maskini kuliko wote? Sisi tunasema si haki. Anayekunywa maji yampasa achangie kumlipa anayeyalinda. Mnunuzi wa mafuta ya mlangilangi naye yampasa alipe bei itakayomwezesha mkenekaji kununua jiko bora na kupanda miti yake ya kuni. Uhifadhi unaomnyang'anya mnyonge shamba lake bila badali ni dhuluma hata ukipambwa kwa maneno mazuri, na dhuluma haina baraka. Mkulima aliyenyang'anywa atarudi usiku na shoka.

Wako wasioweza kusubiri. Kutoka Nzwani hadi Maore, kinachotawaliwa na Ufaransa, ni kama kilomita 70 za bahari. Tangu visa ilipowekwa mwaka 1995 watu wamekuwa wakivuka kwa siri katika mashua ndogo, na maelfu wanakadiriwa kuzama. Sababu za safari hizo ni nyingi, na hatusemi kwamba msitu peke yake ungewazuia. Lakini kijana ambaye shamba la baba yake limebaki mawe na mto wa kijiji chake umekauka amepungukiwa na sababu ya kubaki. Wala asidhani kwamba ng'ambo hapana kiu. Mwaka 2023 Maore, pamoja na utajiri wa Ufaransa, ilifikia kutoa maji ya bomba siku moja katika kila siku tatu. Fedha inaweza kuleta meli ya maji ya chupa, lakini haiwezi kuotesha msitu kwa siku moja.

Wenye kukata tamaa tunawaelekeza Pemba. Huko yuko popo mkubwa wa matunda asiyepatikana mahali pengine duniani. Alikuwa akiwindwa kwa bunduki kwa ajili ya nyama, na misitu yake ilikuwa imekatwa kwa mikarafuu na mashamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walihesabiwa kama 5,000. Wanavijiji, kama wale wa Kidike, wakaunda vikundi vya kuwalinda, wakapiga marufuku uwindaji, wakawapokea wageni wa kuja kuwatazama. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta idadi yao imefika kama 20,000. Baadhi ya miti waliyojihifadhi humo ilikuwa katika makaburi ya kale, ambako heshima ya wafu ilikuwa imeilinda. Haikuhitajika miujiza, bali watu wa mahali penyewe kukubaliana na kutimiza.

Mambo haya si mageni katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) aliiwekea Madina mipaka ambayo ndani yake miti haikatwi ovyo na wanyama hawawindwi. Aliweka hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa maslahi ya wote, na makhalifa wakaendeleza. Wanazuoni wa fiqhi wakaweka harimu ya kisima na ya mto, eneo ambalo haliruhusiwi mtu kulimiliki wala kulichafua, ili maji yasiharibike. Na wakfu umelisha visima na mabirika ya wasafiri katika nchi za Waislamu kwa karne nyingi. Hivyo anayetaka kulinda chemchemi ya Nzwani, au ya Pemba, au ya milima ya Usambara, hahitaji kuazima fikra kutoka mbali. Anahitaji kuifungua sanduku aliyoachiwa na wazee wake.

Tunapendekeza basi yafuatayo kwa maimamu na kamati za misikiti, huko Komoro na huku kwetu.

Kwanza, kila msikiti ujue maji yake ya udhu yanatoka bonde gani, na kamati iende ikapaone. Msikiti mwingi unajua jina la fundi wa bomba lakini haujui jina la mlima.

Pili, wazee wa kijiji wakae na wenye mashamba waweke harimu kuzunguka chemchemi kwa maandishi na kwa mipaka inayoonekana, na aliyetoa sehemu ya ardhi yake apewe badali.

Tatu, wenye uwezo waweke wakfu wa vitalu vya miti ya asili na wa ujira wa walinzi. Tunajua fahari ya watu ni kujenga mnara. Lakini mnara usio na maji chini yake humwita mtu kwenye sala ambayo hana cha kutawadhia isipokuwa mchanga.

Nne, waliopanda wahesabiwe kwa miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, si kwa miche iliyopandwa siku ya sherehe.

Tano, sisi sote tupunguze israfu. Mafundisho yanatukataza kufuja maji hata tukiwa kando ya mto unaotiririka. Itakuwaje kwa sisi ambao mto umekwisha kukauka? Bomba la msikiti linalovuja usiku kucha ni dhambi ndogo inayorudiwa kila usiku.

Msitu wa Nzwani haukukatwa kwa siku moja, wala hautarudi kwa siku moja. Mti wa asili uliopandwa leo utaanza kuwapa kivuli wajukuu, na chemchemi inaweza kuchelewa kujibu. Anayepanda mti wa aina hiyo hapandi kwa ajili yake, na ndiyo maana tendo lake linaitwa sadaka inayoendelea. Popo atakapokula tunda la mti huo na kuibeba mbegu yake hadi bonde la pili, thawabu ya mpandaji nayo itakuwa imevuka bonde.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape subira na riziki ya halali ndugu zetu wa Komoro, awalinde walio juu ya bahari, airudishe mito katika mabonde yake, na atujaalie sisi tuliobakiwa na misitu tuione neema kabla haijaondoka. Amin.